Kutoka Malindi Hadi Amu, Kuwafuata Wenye Sanaa Yao

Kurasa za mwisho za daftari langu zilirowa maji ya chumvi kwenye mashua ya Mokowe, gati ya upande wa bara, kwa hivyo sehemu ya Amu, yaani Lamu, nimeijenga upya kutoka kwenye picha za simu na jumbe nilizokuwa nikimtumia dada yangu kila usiku. Sehemu ya Malindi iko salama. Nilisafiri wakati wa kusi, peke yangu, na mkoba mdogo. Nilitaka kuona jinsi watu wa kaskazini mwa pwani yetu wanavyotumia ngoma, maigizo, ushairi na sindano kudai haki zao. Mimi na wenzangu Mombasa tunafanya maigizo ya mitaani, na kuna swali ambalo limetukera muda mrefu: kazi ikishaisha na wafadhili wakaondoka, inabaki kwa nani?

Jumatatu: Mombasa hadi Malindi

Matatu ya saa mbili asubuhi, shilingi 500, kama kilomita 120. Mtwapa foleni, Kilifi daraja, Gede tukashusha wanafunzi. Basi. Malindi nilipata chumba karibu na mji wa kale kwa shilingi 1,300, feni inazunguka vizuri, maji ya bomba asubuhi na jioni tu. Usiku nilikula mkate wa mofa na mchuzi wa samaki kwa mama mmoja anayepika barazani kwake. Aliponiuliza nimekuja kutafuta nini nikamwambia, akasema: "Basi anza kwa Mekatilili, mwanangu. Usimpite."

Jumanne: Malindi na Magarini

Sikumpita. Sanamu ya Mekatilili wa Menza iko mjini, na asubuhi ile kulikuwa na wauza matunda wamejipumzisha kando yake. Wengi wanamjua kama mwanamke aliyewapinga Waingereza. Jambo ambalo halisemwi sana ni namna alivyowakusanya watu. Mwaka 1913, serikali ya kikoloni ilipotaka kodi na vijana wa Kigiriama wa kufanyishwa kazi, Mekatilili alitembea kijiji kwa kijiji akicheza kifudu, ngoma ya matanga. Watu waliifuata ngoma, wakajaa, ndipo akasema nao, na viapo vikaliwa. Alikamatwa, akapelekwa Kisii pamoja na mwenzake katika upinzani, Wanje wa Mwadorikola, wakatoroka na kurudi kwa miguu. Ukiiangalia ramani, kutoka Kisii hadi Giriama ni nchi nzima kuikata upana. Kila mwaka, kwenye mwezi wa Agosti, chama cha utamaduni cha hapa, MADCA (Malindi District Cultural Association), huandaa sherehe za kumkumbuka, na kifudu huchezwa tena.

Nimeanza na habari hii kwa sababu tunaofanya sanaa ya jamii siku hizi mara nyingine tunajiona kama tumezusha jambo jipya.

Mchana nilichukua bodaboda kuvuka daraja la Sabaki, shilingi 300, hadi kijiji kimoja cha Magarini ambako kikundi cha vijana kilikuwa na igizo chini ya mkorosho. Igizo lilihusu jambo ambalo kaunti nzima ya Kilifi inaliona aibu: wazee wanaouawa kwa kusingiziwa uchawi. Mvi zinatosha kuwa ushahidi. Na ukichimba kidogo, mara nyingi unakuta shamba.

Hapakuwa na jukwaa wala vipaza sauti. Mkeka mmoja ulikuwa nyumba, gogo likawa mpaka wa shamba. Mzee ana watoto wawili wa kiume, mjukuu anaugua, kijana mkubwa anaanza kunong'ona. Ananong'ona kisimani, ananong'ona kilabuni, anamnong'oneza mkewe. Waigizaji hawakupiga kelele hata mara moja, na hilo ndilo lililotisha. Ilipofika kijana anasimama nyuma ya mlango na panga mgongoni, msichana anayeongoza kikundi akapiga makofi, wote wakaganda walivyo. Akatugeukia watazamaji. "Hapa ni nani angeweza kuzuia?"

Kimya. Mtu akasema polisi. Mwengine akasema chifu. Polisi wako mbali, wakajibiwa, na chifu amelala. Kimya tena, hadi mama mmoja mtu mzima, amejifunga leso mbili na bakora mkononi, akainuka polepole akaenda kukaa kwenye kona ya mkeka.

"Mimi ni jirani," akasema. "Nimesikia kila kitu kwenye ukuta wa udongo tangu juzi. Nimenyamaza."

Hakuna aliyempangia maneno yale. Nilimuona yule kijana mwigizaji akimeza mate. Mama akaendelea, sasa akimsemesha yeye mwenye panga: "Mtoto akiumwa hupelekwa hospitali. Wewe hujauliza hospitali. Wewe umeuliza karatasi za shamba ziko wapi." Na hapo watu wakafunguka. Mzee mmoja akataka kujua kama anaweza kuwagawia wanawe ardhi akiwa hai bila kupoteza pa kulala. Mwanamke akauliza kuhusu mabinti, wao mbona hawatajwi? Mabishano yalichukua muda kuliko igizo lenyewe. Msaidizi wa chifu, aliyekuwa amesimama pembeni na pikipiki yake, aliitwa katikati akajibu mbele ya watu wote, na jibu lake likaandikwa kwenye daftari la kikundi pamoja na tarehe.

Nimeona mabango mengi ya kupinga mauaji ya wazee, yamechapwa vizuri na rangi nzuri. Sijawahi kuona bango likimtoa mtu pale alipojificha na kumfanya aseme "nimenyamaza". Yule mama ni mwenyeji pale, analijua lile gogo na ule mpaka, na kesho yake atakutana na wale wale kisimani.

Tulikula pamoja sima na mtsunga, mboga chungu ya majani. Nilipotaka kuchangia chakula walikataa, wakaniambia ninunulie watoto wa igizo soda. Shilingi 400, soda za kikundi kizima.

Kwa atakayekwenda: maigizo haya hayana ratiba ya kubandikwa. Ulizia mjini siku moja au mbili kabla, fika na mtu anayejulikana, na usipige picha za wazee bila ruhusa. Kuna ambao uso wao kuonekana ni hatari kwao.

Jumatano: Kwenye vigango

Mwalimu mstaafu niliyekaa naye chini ya mkorosho alikubali kunipeleka bomani kwa ukoo wake. Masharti mawili: niende na leso ya kujifunga, na simu ibaki mkobani hadi niambiwe.

Vigango viwili vimesimama kwenye kivuli, vimeinama kidogo, vimefungwa vitambaa kiunoni. Kigango huchongwa kwa mti mgumu na kusimikwa kwa ajili ya mtu wa Gohu, chama cha wazee wa heshima, aliyefariki. Kichwa cha mviringo, mwili wa ubao mrefu uliojaa pembetatu zilizochimbwa kwa patasi. Si sanamu ya kuwekwa ionekane. Ni marehemu mwenyewe amekaa na watu wake, anaambiwa habari za nyumbani, anamwagiwa tambiko. Akishasimikwa hahamishwi.

Lakini amehamishwa sana. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 vigango viling'olewa usiku, vikauzwa kwa wenye maduka ya vinyago, vikavuka bahari hadi kwenye sebule na makumbusho ya Marekani. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha mzee Kalume Mwakiru. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha akiwa mbele ya vigango vya ndugu zake, na vyote viwili vikaibwa baadaye mwaka huo huo. Miaka mingi ikapita, kimoja kikaonekana Illinois, cha pili kikapatikana kwenye makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton. Ile picha ikawa ushahidi, na mwaka 2007 vikarudishwa kwa familia. Mzee Kalume hakuviona, alikuwa ameshafariki. Mwaka 2014 makumbusho ya Denver nayo yakatangaza kurudisha 30.

Nilimuuliza mwalimu kama wizi umekwisha. Akanionyesha shimo la tatu, limejaa majani, akasema hapo alikuwa babu yake. Walichonga kingine? Hapana. "Utachongaje mtu ambaye yuko hai mahali usipopajua?" Sikuwa na la kumjibu na sina hadi sasa. Namuomba tu msomaji: ukikuta kigango kinauzwa dukani, Malindi, Nairobi au kokote, usinunue hata kwa nia ya kukihifadhi. Bei unayolipa ndiyo inayomng'oa mwengine.

Jumapili yake mwalimu na wajukuu zake wangekaa kuwafundisha watoto wa jirani kusoma alama za pembetatu zile. Chaki na ubao wa kuazima, bila mfadhili. Niliwaachia boksi mbili za chaki za rangi, ndicho pekee walichokubali.

Alhamisi: Malindi hadi Amu

Tiketi nilikata jana yake, shilingi 1,100. Basi likaja limechelewa saa moja na nusu. Njia ni nzuri kuliko nilivyoambiwa na wazee wetu, waliozoea kukwama Garsen kwenye matope siku nzima. Sasa ni lami. Mambrui, kisha Gongoni na marundo ya chumvi yakimeremeta, kisha vichaka vya Tana Delta hadi unachoka kuvitazama.

Vizuizi ni vingi. Kila mara wote tunashuka, kitambulisho mkononi, tunatembea kupita, tunapanda tena. Kijana mmoja wa Kibajuni hakuwa na kitambulisho ila karatasi ya kusubiria, imechakaa kwa kukunjwa, na kila kizuizi alitolewa pembeni. Kila mara basi lilimsubiri, kwa sababu mabibi wawili wa viti vya mbele walimwambia dereva waziwazi kwamba haliondoki bila yeye. Hawakuwa ndugu zake. Mmoja alikuwa anakwenda Mpeketoni, mwengine Hindi.

Kupita Minjila gurudumu likapasuka. Tukakaa kando ya njia kwenye jua karibu saa mbili. Mama wa Kipokomo akafungua kikapu akagawa ndizi mbivu kwa basi zima, hata askari wa kusindikiza akapata yake, na alipopewa pesa akasema alikuwa akizipeleka harusini na harusi haitaharibika kwa mkungu mmoja.

Mokowe tulifika jua linazama. Mashua ya abiria hadi Amu shilingi 150, maji yanaruka, hapo ndipo daftari liliporowa. Chumba Langoni, shilingi 1,500, ghorofa ya pili, upepo wa bure.

Kwa atakayekwenda: beba kitambulisho halisi, si nakala. Beba maji na chakula cha ziada. Kata tiketi ya basi la asubuhi kabisa, kwa sababu ukifika Mokowe usiku utakodi mashua nzima kwa bei ya mwenye mashua.

Ijumaa: Amu

Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, shilingi 80. Mji mzima unapungua sauti kuelekea swala ya Ijumaa, maduka ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji, yanafungwa mlango mmoja mmoja, punda wanabaki peke yao. Mji wa kale huu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, na ngome yake, iliyokamilika mwaka 1821, ilikuwa jela hadi 1984. Sasa ina maktaba na maonyesho. Mzee niliyekaa naye Mkunguni alasiri anakumbuka sauti za wafungwa. Leo wajukuu zake husoma mle ndani.

Mzee huyu ni mvuvi aliyestaafu na ni mshairi. Amu kusema mtu ni mshairi si kumsifu sana, ni kama kusema ana mashua. Jambo likitokea, hutungwa. Nikamuuliza kuhusu makaa ya mawe. Kulikuwa na mpango wa kujenga mtambo wa umeme wa megawati 1,050 Kwasasi, upande wa bara, na watu wa hapa, wakiwemo wana Save Lamu, muungano wa vikundi vya hapa, wakaupinga kwa miaka: maandamano, fulana zilizoandikwa, mabango, mikutano. Tarehe 26 Juni 2019 mahakama maalumu ya mazingira ikaifuta leseni, na moja ya sababu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

"Wale mawakili walisema kortini," mzee akasema, "lakini sisi tushasema hapa zamani." Akanisomea ubeti wake, akauregelea nipate kuandika, na ameniruhusu kuuweka hapa bila jina lake:

Bahari ni shamba letu, tulolirithi zamani,
Halina dalali katu, halinadiwi sokoni,
Mwataka kupita kwetu, semani nasi semani,
Hatutoki baharini, hapa ndipo petu sisi.

Vijana wawili waliokuwa wakicheza bao jirani yetu wakamalizia kituo pamoja naye bila kuinua macho. Kumbe wanaujua.

Jumamosi: Mafundi, ukuta na tanga

Asubuhi kwa mafundi wa vyombo. Hapa ndipo nilipoielewa Flipflopi vizuri. Wengi wameshaona picha zake: jahazi dogo la mita 9 lililojengwa kwa plastiki iliyookotwa, zaidi ya tani 10, likavikwa kandambili kama 30,000 za rangi zote, likashushwa majini mwaka 2018. Mapema 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, kama kilomita 500, likisimama njiani kuzungumza na watu juu ya taka za baharini. Picha zinaonyesha rangi. Nilichoelezwa na fundi mmoja, msumeno ukiwa mkononi, ni kazi: plastiki iliyeyushwa ikamiminwa iwe mihimili na mbao, kisha ikachongwa kwa tezo na kukatwa kwa misumeno ile ile ya mbao. Mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, na mataruma, mbavu zake, vyote kwa mikono. Aliyeongoza ujenzi, Ali Skanda, ni fundi wa hapa hapa. Watoto waliookota zile kandambili ufukweni walijua ni chombo cha nani.

Kisha nikapitishwa kwenye ukuta mmoja ambao miaka kadhaa nyuma wageni waliuchora picha kubwa ya umoja, mikono ya rangi mbalimbali imeshikana. Rangi imebanduka, nusu imefunikwa na mifuko ya saruji. Hakuna anayeichukia picha ile. Jirani aliniambia tu, "Walichora wakaondoka. Hawakutuuliza tuna ugomvi gani." Niliandika maneno hayo kwenye simu kwa herufi kubwa.

Alasiri, Wiyoni, ndipo nilipopata nilichokifuata. Bibi mwenye nyumba niliyopanga alinipeleka kwa shoga zake, wanawake wanaokutana baada ya swala ya alasiri kushona. Ukiingia uani unakuta tanga kuukuu la mashua limetandazwa chini, jeupe lililogeuka rangi ya chai, na wanawake wameliketia pembezoni kila mmoja na kipande chake. Wanashona ramani ya bahari. Viraka vya leso vya buluu ni mikondo, vya kijani ni mikoko, uzi mwekundu ni njia walizokuwa wakipita wanaume zao na baba zao. Majina yametiwa kwa sindano, kwa herufi za Kilatini na kwa herufi za Kiarabu: Kililana, Mkanda, Ndau, Kiwayu.

Kililana ndipo bandari mpya ya Lamu ilipojengwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa uvuvi wao ulioharibiwa. Uamuzi ulikuwa mkubwa, lakini wanawake hawa wana hoja ambayo sikuisoma kwenye gazeti lolote. Mvuvi huhesabiwa ni yule mwenye nyavu. Wao waliokuwa wakichuuza, wakikaanga, wakikausha papa, wakiokota chaza maji yakitoka, wako wapi kwenye orodha? Kwa hiyo tanga lina sehemu yao pia. Bi mmoja mtu mzima alinishika mkono akaniwekea kidole kwenye kiraka cha maua madogo: "Hapa nalikiokota kombe na mamangu. Hapa mimi."

Walibishana mno. Mkondo fulani unapinda kushoto au kulia? Mmoja akampigia simu mumewe aliyeko Faza kuuliza, akaweka sauti kubwa, mume akajibu, dada yake akampinga, wakacheka hadi sindano zikapotea. Msichana wa kidato cha tatu alikuwa akiandika kila hadithi kwenye daftari, kiraka kwa kiraka, ili siku tanga litakapotundikwa, anayeuliza ajibiwe. Nilipewa sindano. Nilishona upindo tu, kwa sababu bahari ile siijui, na waliona ni sawa kabisa. Tukanywa chai ya maziwa na kaimati, na nikaondoka adhana ya magharibi inalia.

Jumapili: Kurudi

Mashua kabla ya alfajiri, basi, vizuizi, usingizi. Mombasa saa kumi na mbili jioni.

Ukitaka kuwatembelea wanawake wa Wiyoni, usiende na kamera kubwa wala fomu. Nenda alasiri, na mwanamke wa mtaa akutangulie, na ukipenda kubeba kitu beba nyuzi: nyekundu na buluu huwaishia haraka. Picha za tanga hawataki zisambazwe kabla halijaisha, ndiyo maana hapa hakuna hata moja. Kusi ikipungua wanalipeleka Faza kwa mashua, wanawake wa huko washone upande wao, kisha Ndau na Kiwayu, na likirudi Amu wanataka litundikwe mahali ambapo siku ya kikao cha bandari kila afisa atalazimika kulipita akiingia. Mahali penyewe bado wanapabishania.